Nyigu wa Mzee Kitufe

Shemeji yangu hakuwahi kuingia mlango wowote bila kwanza kutazama chini. Mlango wa chumbani, mlango wa benki, mlango wa msalani hospitalini, yote aliitendea vilevile: alisimama kidogo, macho sakafuni, mguu mmoja umetangulia, kisha ndipo akaingia. Wageni walidhani ananong'ona dua. Dada yangu, mkewe, alikuwa akimwambia kutoka jikoni, "Ingia tu, baba. Sakafu ipo. Nimeipiga deki mwenyewe asubuhi."

Alikuwa fundi lifti. Fundi lifti hufundishwa mapema kwamba mlango kufunguka si hoja. Hoja ni kama chumba cha lifti kimefika, au nyuma ya mlango kuna shimo tupu. Alikuwa na mwenzake kazini aliyeingia huku anacheka na mtu, uso ameugeuza nyuma. Hadithi hiyo hakuimalizia hata mara moja, na sisi hatukumwomba aimalizie.

Watoto wa jengo walimokaa walimwita Mzee Kitufe, kwa sababu kila alipowakuta wamebonyeza vitufe vyote vya lifti kwa mpigo aliwasimamisha na kuwapa somo. Jina likamganda. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita shemeji, na utani baina yetu haukuwa na kizuizi. Alisema nimezaliwa na kitabu mkononi, maana nafanya kazi maktaba. Mimi nilimwambia yeye ndiye mtu pekee ninayemjua aliyepanda cheo kila asubuhi na kushuka kila jioni.

Alistaafu, na kabla hajazoea kuamka bila kazi, dada akafariki. Hapo ndipo nilipojua maana ya mtu asiyetulia. Nikienda kumtazama Jumapili nilikuta kochi limehamia dirishani. Jumapili ya pili limerudi ukutani. Chai aliianza akiwa amesimama jikoni na kuimaliza akiwa kwenye ngazi za jengo. Alishuka kwa ngazi akapanda kwa lifti, kisha akapanda kwa ngazi akashuka kwa lifti, bila shughuli yoyote chini wala juu.

"Shemeji, kaa basi. Unanizungusha kichwa," nilimwambia siku moja.

"Nikikaa nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nasikia kwamba hakuna kinachosikika."

Ndipo akanunua droni. Aliinunua kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa amepata nyingine kubwa zaidi: kidude cha ukubwa wa sahani, pangaboi nne ndogo, kamera tumboni, na rimoti ambayo simu hupachikwa juu yake ili mtu aone kile ambacho kamera inaona. Kwa mlio wake akaipa jina la Nyigu. Alijifunza kuirusha juu ya paa la jengo, katikati ya kamba za nguo, na kina mama waliokuja kuanika hawakumwacha salama.

"Mzee Kitufe, mwondoe huyo mdudu wako, anazichungulia nguo zangu!"

"Kamera mbovu, mama."

"Kama mbovu mbona umeinamia simu hivyo?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza mimi, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: miaka yote aliyofanya kazi alipanda karibu majengo yote marefu ya mji, na hakuwahi kuona kitu njiani. Ukuta, kebo na grisi. "Sasa napanda nikiwa naona," alisema.

Siku moja Nyigu aligonga mlingoti wa kamba, mguu mmoja ukapasuka. Nilikuwa na plasta ya jeraha kwenye mkoba, ile ya rangi ya waridi, nikauzungushia mguu. Shemeji alishika mbavu kwa kicheko. Kwa wiki nyingi kila aliyemuuliza habari aliambiwa Nyigu amelazwa lakini anaendelea vizuri.

Lakini katika miezi hiyohiyo alianza kupoteza vitu. Funguo kwanza, kisha miwani, kisha kitambulisho, ambacho tulikikuta kwenye friji chini ya nyanya. Kila mtu hupoteza funguo, mimi mwenyewe nimo. Tatizo ni kwamba baada ya funguo kupatikana hakukumbuka kwamba zilipotea. Halafu siku moja aliacha sufuria motoni akaenda paani, na jirani akavunja mlango kwa sababu ya moshi.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, ni mfamasia na ana duka la dawa katika mji mwingine, mwendo wa kutwa kwa basi. Habari ya moshi ilipomfikia alinipigia simu mimi, si baba yake.

"Mama mdogo, likizo hii unamleta wewe. Na njiani nichunguzie. Akipoteza kitu kingine, hata soksi, harudi huko. Flati tunaipangisha, anakaa kwangu."

"Mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia. Kanijibu soksi zake ziko vizuri."

Asubuhi ya safari nilimkuta kituoni kabla yangu, begi moja la nguo, na mkoba wa Nyigu begani. Nilimuuliza kwa nini amebeba mdudu. Akasema wajukuu wameomba kumwona. Kisha akasema, "Nina kadi ya njano, shemeji. Nikicheza rafu moja tu, nje." Mdomo ulicheka. Mikono ilikuwa inapapasa mifuko, mmoja baada ya mwingine, funguo, miwani, kitambulisho, na ilipofika mwisho ikaanza upya.

Nilijua anachokiogopa. Hakuwa na neno na binti yake. Aliogopa kufunga mlango wa flati ile mara ya mwisho. Kitanda alicholalia na dada yangu kilikuwa mle, upande wa dada ukiwa umetandikwa vilevile. Alishaniambia kwamba akiamka usiku hajui yuko wapi, huunyoosha mkono mpaka ukutani, na ukuta humwambia. Ukuta wa nyumba nyingine ungemwambia nini?

Nami nilikuwa nimepakiwa kwenye basi lile kama shahidi. Tulikaa viti vya jirani, tukagawana karanga, na kila alipoinuka kunyoosha miguu nilitazama alichoacha kitini. Alinigundua haraka. "Hesabu vizuri, shemeji," alisema. "Masikio mawili, pua moja."

Jua lilipokuwa la utosi, mkanda wa feni ukakatika. Basi lilisimama kwenye kimji kilicho kando ya barabara: kituo cha mafuta, maduka machache, kilima kimoja nyuma. Kondakta alitangaza kwamba mkanda mwingine unakuja kwa pikipiki, dakika kidogo tu. Abiria mmoja mwenye mtoto alimuuliza dakika hizo ni za saa gani, ya ukutani au ya kwake. Watu wakashuka, wakatafuta vivuli.

Shemeji hakutafuta kivuli. Alizunguka basi. Alizunguka kituo cha mafuta. Alisoma matangazo yote ya ukutani, akarudi akazunguka basi tena. Nilimwona anautazama mkoba wake jinsi mvutaji sigara aliyeacha anavyotazama kiberiti.

"Usiirushe hapa," nilisema.

"Nani kasema narusha?"

"Shemeji."

"Niipeleke tu juu nione huyo wa pikipiki kama anakuja. Nitakuwa nimewasaidia abiria wote."

Akamtoa. Nyigu alipanda akilia, vichwa vyote vikainuka, hata kondakta aliacha kubishana. Kwa muda ilikuwa furaha. Shemeji alimtangazia kila mtu: barabara nyeupe, hakuna pikipiki, kuna mto mdogo, kuna mabati yanang'aa kule nyuma ya kilima. Uso wake ulikuwa umelegea, mwili umetulia kuliko nilivyowahi kuuona tangu msiba. Labda ndiyo sababu sikumwambia tosha. Nilikuwa natazama uso wake, sikutazama simu.

Kisha uso ukabadilika. Nyigu alikuwa amepita nyuma ya kilima na picha imeganda. Na kabla shemeji hajaitazama vizuri picha iliyoganda ili ajue ni wapi, simu yenyewe ikazimika.

"Chaji," nilisema. Simu yangu ya vitufe isingeweza kushika nafasi yake.

"Nilichaji usiku kucha."

"Uliichomeka?"

"Niliichomeka kwa mkono wangu." Nikaona wazo linafika, polepole, na alivyojaribu kulizuia lisifike. "Swichi ya ukutani," akasema. "Sikubonyeza."

Mahali pengine tungecheka. Mzee Kitufe kasahau kitufe.

Nilimwambia tusihangaike, nimesikia mashine hizi zikipotewa na mawasiliano hurudi zenyewe zilikotoka. Akatikisa kichwa. Ya kwake hairudi. Aliinunua ikiwa imepangwa kurudi, naye akaibadilisha siku ileile ya kwanza.

"Kwa nini?"

"Lifti umeme ukikatika inafanya nini? Breki zinakamata, inasimama palepale. Ndiyo usalama. Mashine inayotembea bila kuambiwa ndiyo inayoua watu." Alisema hayo kwa ukali, kama anamfundisha kijana wa kazi. Kisha sauti ikamshuka. "Kwa hiyo imesimama. Imesimama huko hewani inaningoja, na mimi siioni. Chaji yake ikikaribia kwisha itashuka wima, hapohapo ilipo."

"Hapohapo ni wapi?"

"Penye mabati."

Nilikwenda kwa kondakta nikamwomba asituache. Akasema mama, bila mkanda hata yeye mwenyewe hawezi kujiacha. Tukapanda kilima. Nilikuwa na viatu vya safari vya kisigino kifupi, na kila jiwe lilinitafuta. Shemeji alikuwa mbele, rimoti mkononi, anabonyeza kitufe cha kuita kila baada ya hatua chache, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Kule kileleni tuliona mabati kweli. Tatizo ni kwamba yalikuwa pande mbili: kulia kiwanda cha mbao, kushoto mabanda marefu ambayo hatukuyajua ni ya nini.

"Yapi?" nilimuuliza. "Uliona mbao? Uliona magogo?"

Alifumba macho. Nilitamani kuingia ndani ya kichwa kile nikapekue mwenyewe. Akasema kulia. Akalisema haraka mno.

Kiwandani tulipotezewa muda kwa ukarimu. Mtu mmoja mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi alizima msumeno ili atusikie, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, hapa mashine zinalia tangu asubuhi. Nyigu wako hata angekuja na tarumbeta ningemsikiaje?" Wakacheka, lakini wakatutafutia juu ya rundo la mbao, juu ya paa la stoo, hadi ndani ya lori. Hakuna. Shemeji aliendelea kutazama mahali palepale walipokwisha kutazama. Nikamshika kiwiko. Nikamwongoza kutoka.

"Shemeji," alisema tulipotoka, "huko tukifika utasema nini?"

Nilisema twende kwanza kushoto.

Mabanda yale yalikuwa ya kuku. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, gambuti miguuni, kiroba kimefungwa kiunoni kama aproni. Alitutazama tunavyohema akatangulia kusema.

"Mmepoteza nini?"

"Droni," nilisema. "Ndege ndogo, hivi—"

"Ndege ndogo ninazo mia kadhaa, na leo hakuna hata mmoja anayetaga." Akamgeukia shemeji. "Ilikuja ikasimama juu ya banda. Haiendi, haiji. Inanitazama. Nikairushia kandambili, haikujali. Kuku wamepandiana pembeni, nusura wakanyagane wafe. Nikasema haya, kama ni serikali, mimi kodi nalipa. Kisha ikashuka yenyewe, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa."

"Wima?" shemeji aliuliza.

"Wima."

Shemeji alinitazama, na kwa nukta ile alikuwa fundi tena. "Si nilikwambia?"

Mwanamke alitupeleka nyuma ya banda. Pale chini palikuwa na tenga limefunikwa kifudifudi, juu yake jiwe kubwa. Kupitia matundu ya tenga niliona mguu mmoja wa kijivu. Alikuwa amemtega Nyigu kama wanavyotegwa vifaranga wakorofi.

"Ni hiyo," shemeji alisema, akainama.

"Ngoja, baba." Mwanamke alikalia jiwe. "Fundi baiskeli wa pale chini naye alipita akasema ni yake. Nikamuuliza alama, akaniambia ina mapanga manne. Hata mimi naona ni manne! Hapa kwetu kitu cha kuokotwa hakitoki bila alama. Ukiokota mbuzi, ukiokota mwavuli, mwenyewe ataje alama. Taja yako uondoke nacho."

Ni haki. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Na alama ilikuwepo, plasta ya waridi kwenye mguu wa upande mwingine, ambao haukuonekana kupitia matundu.

"Ni ya kijivu," shemeji alisema.

"Hiyo rangi. Alama."

"Ina kamera chini."

"Zote zina kamera. Kitu chako mwenyewe, baba. Kitu ambacho ni wewe tu unajua."

Shemeji akainamia tenga tena. Niliona macho yake yanakimbia huku na huku, chini, pembeni, kama mtu anayepapasa mifuko ambayo haipo. Kuku walikuwa wameanza kulia tena ndani ya banda. Toka upande wa barabara honi ya basi ikalia, ndefu, mara mbili. Mkanda umekuja.

"Ina—" nilianza.

Aliinua kiganja. Hakunitazama, aliinua tu, na neno likanirudi kooni.

Nyuma ya kilima honi ililia tena. Nilikuwa nasema moyoni plasta, plasta, plasta, kana kwamba angeweza kuisikia.

"Sikumbuki," alisema mwishowe.

Mwanamke akakunja uso. "Hukumbuki?"

"Alama ipo. Huyu shemeji yangu anaijua. Mtazame anavyohangaika kuimeza. Pengine asubuhi hata mimi nilikuwa naijua. Sasa hivi sinayo, mama." Akavuta pumzi. "Siku hizi nasahau. Si kama wazee wanavyosema wanasahau. Nasahau hasa."

Kwa miezi yote ile, ya funguo na moshi na nyanya, hakuwa amelisema neno hilo kwangu, wala kwa binti yake, wala kwa daktari. Alilisema kwa mwanamke mwenye gambuti ambaye hakuwahi kumwona kabla.

Mwanamke akainuka kutoka kwenye jiwe.

"Basi ni yako. Chukua."

"Nimeshindwa kutaja, mama."

"Mwizi hashindwi. Mwizi angenitajia alama kumi na nyingine akaniapia." Akalibingirisha jiwe kwa mguu, akafunua tenga. "Mchukue mdudu wako. Na uniambie kuku wangu watataga lini."

"Wakitulia," shemeji alisema. "Sisi sote tukitulia."

Alimwinua Nyigu kwa mikono miwili. Akamgeuza. Akaiona plasta, akaipitishia kidole gumba, mara moja, tena mara moja.

"Plasta," alisema, kama anayetambulishwa kwa mtu. "Wewe uliiweka?"

"Mimi. Alipogonga mlingoti paani."

"Nilisema nini?"

"Ulisema amelazwa lakini anaendelea vizuri."

"Nilicheka?"

"Sana."

"Vizuri," alisema.

Tulishuka kilima kwa haraka ambayo miguu yangu haikuisamehe kwa siku nyingi, na bado tulikuta kituo cheupe. Basi limeondoka. Mwenye kituo cha mafuta alisema walitungoja, honi imelia mpaka betri ikalalamika, lakini abiria walikuja juu. Begi la nguo la shemeji lilikuwa limeondoka nalo. Nilijikuta nahesabu: simu imezimika, begi limekwenda, basi limekwenda, na Nyigu, chanzo cha yote, yupo mikononi mwa shemeji, mzima, amekaa kama mtoto aliyepigania kuja.

Tulikaa kwenye benchi la kituo kungoja gari jingine. Yaani mimi nilikaa. Shemeji alikwenda hadi ukingo wa barabara akarudi, akaenda, akarudi.

Simu yangu ikalia. Binti yake. Kondakta alikuwa amempigia kwa namba iliyokuwa kwenye tiketi.

Niliitazama ikilia. Nilikuwa nimeshatunga maneno tayari njia nzima ya kushuka kilima: basi liliharibika, tulikwenda kununua maji, dereva hakuwa na subira. Yote yangeweza kuwa kweli. Shemeji alisimama mbele yangu. Nilidhani ataniomba, na nilijua kwamba akiniomba nitakubali, na flati itabaki na sufuria itakuwa motoni.

Akanyoosha mkono. Nikampa simu.

"Mwanangu. Ni mimi. Tuko salama wote wawili." Akasikiliza. "Hapana, mama mdogo hana kosa. Nilirusha Nyigu, nikampoteza, tukaenda kumtafuta, basi likatuacha. Amepatikana. Ninaye hapa." Akasikiliza tena, na akageuka ili nisimwone uso. "Amepatikana, ndiyo. Lakini kuna kitu kingine nimekipoteza, na hicho sikioni. Umekuwa ukiniambia, mimi nikakufanyia mzaha wa soksi. Tukifika tutakaa tuongee. Nitakaa, nakuahidi. Nitakaa kitini."

Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ndogo ya mpwa wangu, mfamasia anayejua kumkaripia mtu mzima kwa kuacha dozi katikati: "Baba, umekula?"

"Karanga," alisema. "Mama mdogo wako kala nyingi."

Tulifika jioni kwa gari la mizigo lililokuwa linapeleka magodoro, tukiwa mbele na dereva, Nyigu katikati. Binti alikuwa langoni. Hakugomba. Walikaa sebuleni wao wawili, mlango umesukumwa nusu, na mimi nikawaogesha watoto. Nilisikia sauti yake yeye zaidi kuliko ya binti. Alipotoka aliniambia flati ipangishwe, lakini kwa mtu mwenye watoto, wa kubonyeza vitufe. Akaniomba niende mimi kuifungua na kuifunga, yeye hatakwenda tena. Kitanda nimpe nimtakaye. Alisema hivyo akiwa amesimama, anahamisha uzito mguu huu na huu, na kutulia hakukuja siku ile wala baadaye. Binti anasema ua wake una njia iliyochimbika kwa kuzungukwa.

Sikumwona tena. Kazi ya maktaba, flati, wapangaji, na uvivu wa njia ndefu. Miezi ikapita, moyo wake ukasimama asubuhi moja akiwa uani, anambadilishia Nyigu betri ili wajukuu waone mji. Binti aliniambia kwamba hadi wiki ile ya mwisho alikuwa bado anawataja wote kwa majina, watoto, majirani, hadi wateja wa duka. Alichokiogopa zaidi hakikumfikia.

Lakini asubuhi niliyomwacha hakuna aliyelijua hilo. Alinisindikiza hadi langoni, akanibebea mkoba, akaniuliza kama tiketi ninayo, akacheka kwa kuwa yeye ndiye anayeuliza. Nilimwambia nitarudi likizo ijayo. Nilikuwa nimeshavuka barabara aliponiita.

"Shemeji! Ukija siku hiyo ukaniona nakukodolea macho tu, usikimbilie kunitajia jina. Ningoje. Nikishindwa, nitasema mwenyewe kwamba nimeshindwa."